Karatasi ya Alama: Mwombaji wa Kazi Mbele ya Jopo Garissa

Kila anayeketi kwenye jopo la mahojiano ya kazi huwa na karatasi mbele yake. Imechorwa safu: jina la mwombaji, elimu, uzoefu, ujuzi wa kazi yenyewe, mawasiliano, maadili, na mwisho jumla. Mwombaji akiingia, akasalimu, akaketi na kuanza kusema, kalamu huwa zinasubiri. Baada ya nusu saa hivi anaaga na kutoka, na kinachobaki chumbani ni tarakimu. Sura yake, sauti yake, ukoo wake na suti aliyoazima kwa binamu vimeondoka naye.

Mhadhara huu unahusu tarakimu hizo, na unawahusu hasa vijana wa Garissa, Wajir na Mandera wanaoomba kazi za mshahara. Hoja yake ni moja. Kupendeza mbele ya jopo ni kumpa kila mjumbe jambo analoweza kuliandika kwenye safu yake na kulitetea baadaye akiulizwa. Tabasamu haliandikiki. Suti haiandikiki. Kinachoandikika ni cheti ambacho majina yake yanalingana na kitambulisho, mwaka uliotajwa bila kusitasita, na kazi iliyofanywa na mtu huyu, mahali fulani, ikaleta tokeo fulani.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 841,353 Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera. Ni karibu milioni mbili na nusu, ilhali waajiri wenye mishahara ya kila mwezi ni wa kuhesabika: serikali tatu za kaunti, Tume ya Huduma za Walimu ijulikanayo kama TSC, idara za serikali kuu, hospitali, Chuo Kikuu cha Garissa na taasisi nyingine za mafunzo, benki, na mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi za Dadaab. Kando yao kuna uchumi mwingine usioandikiwa barua: soko la mifugo la Garissa, lililo miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki, maduka ya Suq Mugdi, malori, mabasi ya Nairobi, biashara ya maziwa ya ngamia. Huko hakuna anayeomba wasifu-kazi. Mwenye mali huuliza kijana ni mtoto wa nani, nani anamjua, na kama neno lake lina uzito.

Swali hilo lina akili yake. Mtu anayemkabidhi mwenzake lori la ng'ombe alipeleke Nairobi anahitaji kujua ni nani atakayelipa mali ikipotea, na ukoo ndio dhamana ya zamani kuliko benki yoyote ya mjini. Matatizo huanza pale kipimo cha sokoni kinapoingizwa ofisini, ambako mali inayokabidhiwa ni ya umma.

Simu za wazee

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 232, inataja ushindani wa haki na ustahili kuwa msingi wa kuajiri na kupandisha watu vyeo katika utumishi wa umma, na papo hapo inataka nafasi sawa kwa wanaume na wanawake, kwa jamii zote na kwa watu wenye ulemavu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 iliunda Bodi ya Utumishi wa Umma katika kila kaunti na kuziagiza bodi hizo zitangaze nafasi kwa njia zitakazowafikia watu wengi. Ilitaka pia angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini zijazwe na watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa kwenye kaunti husika. Garissa, agizo hilo linawagusa Wamunyoyaya wanaolima kando ya Mto Tana, Waboni wa upande wa Ijara, na Wakenya wa asili ya bara ambao wameishi mjini miaka mingi.

Karibu kila tangazo la kazi ya umma humalizika kwa onyo kwamba mwombaji atakayetafuta kupendelewa, kwa njia yoyote ile, ataondolewa moja kwa moja. Hata hivyo tangazo likitoka tu, simu huanza kulia. Adeer, ami wa upande wa baba, anampigia mtu anayemjua, abti, mjomba wa upande wa mama, naye anampigia wake, na mwakilishi wa wadi anapita ofisini “kusalimia”. Vijana wengi hukata tamaa hapo. Wanaona kazi imekwisha kugawanywa, basi wanaandika barua ya kutimiza wajibu na kwenda mahojiano bila kujitayarisha.

Wanasahau hesabu moja. Katika kaunti ambayo kila mwombaji ana mzee wa kumpigia simu, simu hizo huvutana na kukatana. Wajumbe watano wakivutwa pande tano, kila mmoja anahitaji kitu cha kushika ili asije akalaumiwa na pande zote. Mwombaji aliyewapa jambo la kuandika amewapa pia jibu la kumpa mzee: kijana wako hakuleta hiki, huyu amekileta, na karatasi hii hapa. Asiyeacha lolote kwenye safu anawaachia wajumbe ukoo wake peke yake kuwa kigezo, na ukoo wa mwenzake huenda una simu nyingi zaidi.

Faili hutangulia mtu

Waombaji wengi huanguka kabla hata ya kuitwa, na Kaskazini Mashariki sababu mara nyingi ni majina. Majina ya Kisomali yaliandikishwa shuleni kwa kufuata sikio la mwalimu. Mtoto mmoja akawa Mohamed kwenye cheti cha msingi, Mohammed kwenye cheti cha sekondari cha KCSE na Muhumed kwenye kitambulisho. Fatuma wa shule akawa Fadumo wa kitambulisho. Kwa kuwa jina la tatu ni la babu, karani mmoja aliliacha na mwingine akaliweka katikati. Tarehe ya kuzaliwa nayo, kwa wengi waliozaliwa malishoni, ni Januari 1 ya mwaka uliokadiriwa.

Karani anayepanga maombi mia kadhaa hana muda wa kusikiliza historia hiyo. Yeye anaona watu wawili ndani ya bahasha moja. Tofauti ndogo ya herufi hutatuliwa kwa hati ya kiapo iliyotiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo, na tofauti kubwa huhitaji hati rasmi ya kubadili jina. Zote mbili huchukua siku na zina gharama, kwa hiyo mahali pake ni kabla ya tangazo. Mwenye akili huweka nakala ya hati hiyo nyuma ya kila cheti inachokihusu, ili karani asilazimike kuuliza.

Kitambulisho chenyewe kina historia nzito zaidi katika eneo hili. Mwaka 1989 serikali iliwahakiki Wakenya wa asili ya Kisomali peke yao na kuwapa kadi ya ziada ya kuthibitisha uraia wao. Kwa miongo iliyofuata, kijana wa kaunti za mpakani aliyefika umri wa miaka 18 alipitishwa mbele ya kamati ya uhakiki, jambo ambalo mwenzake wa Nyeri au Kisumu hakulijua. Februari 2025, Rais William Ruto alitia sahihi tangazo mjini Wajir la kuufuta uhakiki huo. Bila kitambulisho hakuna namba ya ushuru, hakuna akaunti ya eCitizen, hakuna cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Kijana anayengoja tangazo la kazi ndipo akatafute kitambulisho ameshachelewa.

Kuhusu vyeti vya idhini, sheria imempunguzia mwombaji mzigo, na wengi hawajui. Zamani aliyetafuta kazi ya ukarani alitakiwa aambatanishe karatasi za Mamlaka ya Mapato, za bodi ya mikopo ya elimu ya juu, za tume ya kupambana na ufisadi, za shirika la taarifa za mikopo na za polisi, na kila moja ilimtoa pesa au siku ya kupanga foleni. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamkataza mwajiri kudai vyeti hivyo kabla hajakusudia kumpa mwombaji mkataba. Mwombaji asitumie nauli yake ya mwisho kukusanya karatasi ambazo hazijaombwa. Ajue tu zinakopatikana, Huduma Centre ya Garissa ikiwemo, na ahakikishe hana deni litakalomzuia siku atakapoitwa.

Vyeti vya masomo ni jambo jingine kabisa. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, ilitangaza kwamba uhakiki wa watumishi katika taasisi za umma ulifichua vyeti 2,067 vya kughushi. Wenye vyeti hivyo walikuwa wamekwisha kuajiriwa. Walipita kwenye majopo, wakapendeza, wakapata alama, na miaka baadaye wakakabiliwa na kufukuzwa, kushtakiwa na kudaiwa mishahara waliyopokea. Anayeshawishiwa kwenye saiba “aipandishe kidogo” gredi ya D+ ajue kuwa baraza la mitihani huulizwa, na hujibu kwa maandishi.

Halafu kuna simu. Wanaoitwa kwenye mahojiano hujulishwa kwa ujumbe mfupi au kwa simu, wakati mwingine siku chache tu kabla. Mwombaji aliye Hulugho, Liboi au kwenye malisho ya Balambala anaweza kukaa siku mbili bila mtandao. Barua yake iwe na namba mbili: yake na ya jamaa wa mjini aliyeelezwa mapema kwamba simu ngeni ya asubuhi isikatwe.

Safari nayo ihesabiwe. Mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, yaliikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi upande wa Madogo, abiria wakavushwa kwa mashua, na katika mafuriko ya 2024 mashua moja ilizama na kuua watu. Kwenye daraja la Tana kuna kizuizi cha polisi ambapo abiria hushuka na kuonyesha vitambulisho. Aliyeitwa saa mbili asubuhi Nairobi na akapanda basi la usiku huo huo ameiweka kazi yake mikononi mwa mto na askari. Mwajiri anayejali eneo hili huelewa akipigiwa simu mapema. Akipigiwa saa tatu, muda ukiwa umepita, hana la kufanya.

Tulifanya, walifanya, nilifanya

Watu wa Kaskazini Mashariki wanajua kusema. Mikutano ya wazee chini ya mti huendeshwa kwa ufasaha ambao wanasheria wengi wa Nairobi wangeutamani. Lakini ufasaha huo una adabu yake: mtu hajisifu. Mzee husema “sisi”, hutanguliza ukoo, humshukuru Mwenyezi Mungu kwa kilichofanikiwa, na wengine ndio humtaja yeye kwa jina. Waswahili nao wana methali ya kuiunga mkono adabu hiyo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mbele ya jopo adabu hiyo humponza mwombaji. Anaulizwa amewahi kutatua mgogoro gani kazini, naye anajibu, “Tulikaa na jamii, tukazungumza, alhamdulillahi mambo yakaisha.” Ni jibu la heshima. Lakini mjumbe ameshika kalamu, na hajui aandike nini, kwa sababu mwombaji hayumo ndani ya habari yake mwenyewe.

Mashirika ya misaada, na sasa bodi nyingi za umma, huuliza maswali ya matukio: eleza wakati ambapo ulifanya jambo fulani. Jibu linalopata alama lina sehemu nne. Hali ilikuwaje? Jukumu la mwombaji lilikuwa lipi? Yeye mwenyewe alifanya nini? Matokeo yalikuwa nini? Sehemu ya tatu ndiyo inayoporomoka Garissa. Dawa yake haihitaji majivuno. “Wazee walikubaliana zamu za kisima, kazi yangu ilikuwa kuandika zamu hizo, kuzisoma mbele ya pande zote mbili na kuhesabu mifugo iliyokunywa kila siku kwa wiki tatu.” Hapo wazee wamepewa heshima yao na mjumbe amepata la kuandika.

Vijana wengi wana habari kama hizo bila kujua kwamba ni uzoefu wa kazi. Mfano wa kwanza ni wa shuleni. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilivamiwa na watu 28 wakauawa, wakiwemo walimu wengi waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2, 2015 wavamizi waliua watu 148 katika chuo cha Garissa, wengi mno wakiwa wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa. Baada ya mashambulizi hayo TSC iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, madarasa yakabaki wazi, na shule zikawageukia vijana wa hapo hapo waliomaliza kidato cha nne ili waendeleze masomo kwa posho ndogo.

Kijana aliyeshika darasa la sita peke yake kwa mihula mitatu katika hali hiyo huandika nini kwenye wasifu-kazi wake? Mara nyingi, neno moja: “kujitolea”. Wengine hawaandiki kitu. Ilhali jopo lingependa kujua jina la shule, miezi, masomo, idadi ya wanafunzi, ni wangapi walifanya mtihani, na mwalimu mkuu gani anaweza kuthibitisha. Barua fupi ya mwalimu mkuu, yenye muhuri na tarehe, ina uzito kuliko kurasa mbili za maneno kama “mchapakazi” na “mwaminifu”, ambayo kila mwombaji huyaandika.

Dadaab kuna mfano mwingine. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zimekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na maelfu ya vijana wamezaliwa, wamesoma na kufanya mitihani ya Kenya humo. Kuanzia mwaka 2013, mradi wa Borderless Higher Education for Refugees uliviunganisha vyuo vikuu, vikiwemo York cha Canada, Kenyatta na Moi, ili wakimbizi na wenyeji wasomee shahada Dadaab kwenyewe. Wakimbizi wanaofanya kazi na mashirika hulipwa posho badala ya mshahara kamili, na huko ndiko wengi wanakojishusha. Wanaandika “mfanyakazi wa posho” kana kwamba cheo ni malipo. Aliyekuwa mkalimani wa zahanati, aliyesimamia ugawaji wa chakula au aliyefundisha darasa la watoto zaidi ya mia alifanya kazi kamili, na ndiyo inayopaswa kuandikwa.

Hata aliyekulia malishoni ana mali. Misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, na mifugo ikafa kwa wingi. Shirika linalotafuta afisa wa nyanjani linahitaji mtu anayejua ngamia hunyweshwa baada ya siku ngapi, visima vipi hukauka kwanza, na mama mwenye nyumba huuza mbuzi wakati gani. Mwombaji anayejua hayo ayafunge na maandishi. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame, ikionyesha hali ya malisho, bei za mbuzi na mahindi, umbali wa kwenda majini, na kama kaunti iko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Hupatikana bure. Mwombaji aliyesoma taarifa ya mwezi uliopita, akaeleza kwa nini bei ya mbuzi ilishuka Balambala ilhali mahindi yalipanda, amejaza safu mbili kwa pumzi moja.

Ushindani pia umebadilika. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha na baadaye kukata sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, mashirika mengi nchini yamepunguza wafanyakazi. Mhitimu wa mwaka huu anaketi benchi moja na mtu aliyefanya kazi kambini miaka kumi. Hawezi kumshinda kwa miaka. Anachoweza kufanya ni kuyajibu maswali ya tangazo, moja baada ya jingine, badala ya kutuma wasifu-kazi ule ule alioutuma mahali pengine. Na hali hii imeleta matapeli, wanaotangaza nafasi za Umoja wa Mataifa na kudai ada ya fomu au ya uchunguzi wa afya. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, haitozi mwombaji ada katika hatua yoyote. Anayedai pesa anauza kitu kisichokuwepo.

Mkono kifuani

Swali la mavazi huulizwa kila mara, na kwa wanawake wa Kiislamu huja na wasiwasi: avue nini, afunge nini, na mjumbe mwanamume akinyoosha mkono atafanyaje?

Katiba haikunyamaza. Kifungu cha 32 kinasema mtu hawezi kunyimwa ajira kwa sababu ya imani au dini yake, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi wa aina hiyo tangu hatua ya kuajiri. Hijabu, baibui na jilbabu haviombewi radhi. Vikiwa safi na vimepigwa pasi, vimetimiza masharti sawa na suti ya mwanamume. Wala suti haimlazimu mwanamume katika joto la Garissa, ambalo hupita nyuzi 35 miezi mingi ya mwaka. Shati safi la mikono mirefu, suruali na viatu vilivyopigwa rangi vinatosha, na mwenye kuvaa hivyo hatakuwa akijipangusa jasho anapoulizwa swali la tatu.

Mahakama za mbali zimeshughulikia kesi zinazofundisha. Mwaka 2008 mjini Tulsa, Marekani, msichana wa miaka 17, Samantha Elauf, aliomba kazi katika duka la nguo la Abercrombie & Fitch akiwa amevaa hijabu. Aliyemhoji alimpa alama za kutosha. Meneja wa eneo aliposikia habari ya kitambaa cha kichwani, alama za safu ya mwonekano zilipunguzwa na kazi ikampita. Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wanane dhidi ya mmoja, kwamba mwajiri hawezi kumkataa mwombaji ili tu akwepe kuizingatia dini yake. Kesi yenyewe ilihusu pale kalamu iliporudi nyuma.

Huko Uppsala, Sweden, mwanamke wa miaka 24 aliyeomba kazi ya ukalimani aliweka mkono kifuani badala ya kumpa mkono mwanamume aliyekuwa akimhoji. Mahojiano yakakatizwa. Agosti 2018 mahakama ya kazi iliamuru alipwe kronor 40,000. Garissa ishara hiyo inaeleweka bila maelezo. Nairobi inaweza kuhitaji sentensi moja, isemwe kwa uchangamfu kabla mkono wa mwenyeji haujaganda hewani: “Nawasalimu hivi, nashukuru kwa kuniita.” Kisha kazi iendelee. Maelezo marefu ndiyo yanayoleta kigugumizi.

Kenya ina shule ya bure katika jambo hili, kwa kuwa mahojiano ya kumtafuta Jaji Mkuu hufanywa hadharani na kurushwa kwenye televisheni. Mwaka 2011 Willy Mutunga aliulizwa kuhusu kipuli chake cha sikioni, akaeleza kwamba hatakivua kwa ajili ya kazi. Alipata kazi. Mwaka 2016 David Maraga, Msabato, aliulizwa angefanyaje kesi ya uchaguzi wa rais ikiangukia Jumamosi. Alisema wazi kwamba ingekuwa vigumu mno kwake kuketi siku hiyo, na kwamba angezungumza na wenzake wapange utaratibu. Alipata kazi. Mwaka uliofuata kesi ikaja kweli, na kikao cha matayarisho kikafanyika Jumamosi, Agosti 26, jioni, jua likiwa limetua. Mwombaji wa Garissa anayehitaji nafasi ya swala ya Ijumaa anaweza kuiga mpangilio wa jibu hilo: ataje wajibu wake, kisha ataje papo hapo jinsi kazi itakavyofanyika.

Mgeni na swali la kukaa

Upande wa pili wa daraja yuko mwombaji wa Kitui, Meru au Kakamega aliyeitwa Garissa kwa kazi ya muuguzi au mwalimu. Swali linalomngoja huulizwa kwa maneno tofauti, lakini ni lile lile: utakaa? Eneo hili limeachwa na wataalamu mara nyingi, wengine kwa hofu yenye sababu, wengine mara tu barua ya uhamisho ilipopatikana, na wajumbe wanalijua hilo kuliko mwombaji.

Anayejibu kwamba anapenda changamoto, au kwamba posho ya mazingira magumu inamvutia, hajaandikiwa kitu. Anayesema ameuliza nyumba zinapangishwa kiasi gani, amezungumza na muuguzi aliye kituo hicho sasa, anajua wagonjwa wengi watazungumza Kisomali, na ameanza kujifunza maneno ya kuuliza maumivu yako wapi, huyo ameonyesha kwamba amekwisha kufikiria mwezi wa sita. Salamu ya asalaam aleikum mlangoni itapokewa vizuri. Itapokewa vizuri zaidi ikifuatwa na habari za kituo.

Lugha nayo ina utaratibu. Mahojiano rasmi huwa ya Kiingereza, Kiswahili huingia katikati, na Kisomali husikika kwenye benchi la kungojea. Mwombaji ajibu kwa lugha aliyoulizwa. Mwenyeji anayemgeukia mjumbe mmoja na kumjibu kwa Kisomali amewafungia nje wajumbe wengine, na nao pia wana kalamu.

Wajibu wa jopo

Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani Frank Schmidt na John Hunter walichapisha majumuisho ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Mahojiano ambayo waombaji wote huulizwa maswali yale yale na kupimwa kwa kipimo kimoja yalitabiri utendaji wa kazi vizuri kuliko mazungumzo ya kienyeji, ambapo kila mjumbe huuliza linalomjia. Kwa maneno mengine, karatasi ya alama ikitumiwa kwa uaminifu humsaidia pia mwajiri. Bodi inayojaza alama baada ya kupokea simu inajipatia wafanyakazi wabovu kwa gharama ya wananchi wake.

Mwombaji aliyedhulumiwa ana mlango. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinamruhusu asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya kaunti kuhusu uajiri kukata rufaa kwa PSC ndani ya siku 90, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Wachache mno hutumia milango hiyo, na wanaojaribu mara nyingi hukwama kwa kukosa karatasi: tangazo limepotea, ujumbe wa kuitwa umefutwa kwenye simu, tarehe haikumbukwi.

Kwa hiyo tangazo likatwe gazetini au lipigwe picha siku linapotoka. Ujumbe wa kuitwa uhifadhiwe. Na jioni ya siku ya mahojiano, kabla ya kupanda gari la kurudi Dadaab, Masalani au Modogashe, mwombaji aandike kwenye daftari majina ya wajumbe waliojitambulisha, kila swali aliloulizwa na jibu alilotoa, pamoja na swali lililomshinda. Daftari hilo litamfaa akikata rufaa. Litamfaa mapema zaidi kwenye mahojiano yajayo, kwani maswali kuhusu maadili ya Kifungu cha 10, majukumu ya kaunti katika Jedwali la Nne la Katiba na migogoro ya kazini hurudi tena na tena, na safari hii atakuwa ameyaona.